Rangi ya Nne ya Meko

Mafundi wenzake walimwita Ulimi, na asiyemjua angedhani ni mtu wa maneno mengi. Wapi! Mzee yule angeweza kupaka nyumba nzima, ndani na nje, bila kusema zaidi ya "nishikie ngazi" na "asante". Jina alilipata kwa sababu ya tabia moja ambayo wenzake waliiona kichaa na yeye aliiona ujuzi: alikuwa akionja rangi. Akifika kwenye ukuta wa zamani, anabandua kipande kidogo kwa ncha ya skrepa, anakigusa kwa ulimi, anafumba macho, kisha anatoa hukumu. Chokaa inakausha mate. Rangi ya maji haina ladha yoyote, ni kama kulamba karatasi. Rangi ya mafuta ya siku hizi ina uchungu unaong'ang'ania kooni. Na ile ya mafuta ya zamani kabisa, iliyokuwa ikidumu ukutani hata mwenye nyumba akazeeka akaiacha, ilikuwa tamu. Fundi aliyemfundisha kazi ndiye aliyemwonjesha mara ya kwanza, akamwambia, "Ukikuta tamu, jua hapo walipita watu wa kazi." Basi kijana akalishika hilo, na mpaka anafika miaka sitini na moja, kichwa cheupe pe, bado alikuwa akilamba kuta za watu.

Kwamba utamu ule ni sumu alikuja kusikia ukubwani. Bwana afya mmoja aliwakusanya mafundi rangi ukumbini, akawapa soda, akawaeleza kuwa rangi ile ilichanganywa na madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini halitoki kirahisi. Mtu mzima linamla polepole. Mtoto, hasa aliye tumboni, linamharibu ubongo kabla hajapewa hata jina. Msikwangue kavu, alisema. Lowesheni. Msifagie, futeni kwa maji. Na mjamzito asikae nyumba hiyo hata siku moja. Mafundi walikunywa soda zao, wakacheka, wakamwambia Ulimi kwamba kwa hesabu hiyo yeye alishakufa tangu enzi, hapo wanaongea na mzimu. Ulimi alicheka nao. Lakini maneno yalimwingia. Tangu siku hiyo, akikuta tamu, alitema, akasukutua, akaweka mashine kando na kuagiza dawa ya kubandulia. Ulimi ukawa ndio kipimo chake, na kwa miaka mingi haukumwangusha.

Ukamwangusha kwa binti yake. Ndiyo maana nasimulia.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha mambo kama rula. Alikuwa ameolewa miaka tisa. Mimba mbili zilimtoka, na kila moja ilipotoka, Ulimi alienda kukaa sebuleni kwao siku nzima bila kusema neno, kwa maana hakuwa na neno la kusema. Sasa ilikuwa mimba ya tatu, na imefika miezi saba, na watu wote wa familia walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole kana kwamba sauti kubwa ingeweza kuiamsha na kuiondoa. Ukimuuliza mke wa Ulimi kuhusu mjukuu, alikuwa akijibu, "Mjukuu gani? Mimi sijasema kitu." Aliogopa hata kununua soksi.

Binti na mumewe walikuwa wamehamia nyumba kuukuu, kwenye mtaa wa mwinuko ambako asubuhi ni baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Sebuleni kulikuwa na meko ya ukutani, yale ya kuotea moto, yamejengwa kwa matofali ya kuchoma kuanzia sakafuni hadi darini. Matofali mazuri, lakini watu waliopita humo, kila mmoja na wazimu wake, walikuwa wameyapaka rangi juu ya rangi. Ya juu kabisa ilikuwa ya maziwa, imevimba na kuchanika, inadondoka vipande kwenye zulia. Binti alitaka chumba hicho kiwe cha mtoto mchana, maana ndicho chenye joto. Alitaka tofali tupu, safi, lisilodondosha kitu. Nani afanye? Baba yupo.

Ulimi alifika Jumapili jioni na begi lake la nguo na sanduku lake la vifaa. Mkwe wake alikuwa safari ya kikazi, hatarudi mpaka mwisho wa juma. Binti alimkaribisha, akamwandalia chumba cha nyuma, kisha akamsimamisha mbele ya meko.

"Baba, nisikilize vizuri. Nyumba hii ni ya zamani, na rangi za zamani wanasema zina risasi. Nimeagiza kipimo cha kupaka ukutani, kitafika Ijumaa. Usianze kabla ya hapo."

"Kipimo?" Ulimi alimwangalia kama aliyetukanwa. "Na mimi nimekuja kufanya nini, kunywa chai?"

"Baba."

"Subiri." Alichomoa skrepa, akapiga goti pembeni mwa meko, upande wa kushoto karibu na sakafu, akabandua kipande. Akaonja. Ya juu, karatasi. Ya pili, ya kijani, karatasi. Ya tatu, ya bluu, uchungu. Chini yake tofali. "Tatu tu, na zote za juzijuzi. Hapa hakuna risasi wala bunduki."

"Una hakika?"

"Mama, nimeanza kulamba kuta hata mama yako sijamjua."

Binti akacheka, akashika tumbo, akasema haya basi, wewe ndiye fundi. Na hapo ndipo kosa lilipokaa, limejikunyata kimya. Desturi ya Ulimi, aliyoifuata maisha yake yote kwa wateja ambao hata majina yao ameyasahau, ilikuwa kuonja mahali patatu: juu, kati na chini. Kwa mwanawe alionja mahali pamoja. Alikuwa amechoka na safari, na kile kipimo cha Ijumaa kilikuwa kimemchoma. Alitaka Ijumaa kikifika kikute matofali yanang'aa, kikose kazi, kirudi kilikotoka.

Jumatatu alifunga brashi ya waya kwenye drili akaanza. Alitandika turubai, akafunga mlango wa sebule, mlango ambao ulikuwa umepinda na haukufunga sawasawa. Drili ilinguruma kutwa. Vumbi lilipanda kama unga kwenye mashine ya kusaga, likatua juu ya makochi, juu ya pazia, juu ya kapu la nguo za mtoto ambazo binti alikuwa amezifua na kuzikunja na kuziweka kona. Jumanne vilevile. Jioni binti alirudi kutoka shuleni, akakuta nusu ya meko imekuwa nyekundu, akapiga vigelegele peke yake. Ulimi alipoenda kuoga alisikia fagio. Alipiga kelele kutoka bafuni, "Acha! Nitafagia mwenyewe!" Binti akajibu, "Mimi nina mimba, siumwi!" Akafagia chumba chote, pembe hadi pembe, huku akiimba.

Jumatano, kama saa tano asubuhi, umeme ulikatika. Drili ikazimika mkononi. Ulimi alilaani kidogo, kisha akaona asikae bure, akachukua skrepa na kuanza kukwangua kwa mkono sehemu ya kati, chini ya rafu ya meko. Kipande kikubwa kikatoka kizima, upana wa kiganja. Alikigeuza ubavu kwenye mwanga wa dirisha, akaona mistari yake: maziwa, kijani, bluu. Na chini ya bluu, mstari wa nne, mweupe wa kijivu, mnene kuliko yote mitatu.

Mkono ulikwenda mdomoni wenyewe. Hakuuamuru.

Tamu.

Loo! Alitema kwenye turubai, akaonja tena, akijidanganya kwamba pengine ni sukari ya chai. Tamu vilevile. Alikwenda juu, akabandua, akaonja: tamu. Upande wa kulia: tamu. Akapiga goti kushoto karibu na sakafu, pale alipoonja Jumapili, safari hii akawasha tochi ya simu, akaona kile ambacho hata fundi mwanafunzi angekiona. Matofali manne ya pale hayakuwa ya rika moja na mengine. Yaliwahi kuvunjika, yakabadilishwa, na mapya yakaja baada ya rangi ya kwanza. Alikuwa ameonja kiraka.

Aliketi chini. Alitazama mwanga uliopita dirishani, na ndani ya mwanga ule vumbi lilikuwa bado linaelea, taratibu, halina haraka. Siku mbili na nusu. Na jana binti alifagia. Alivuta pumzi akifagia, na akiimba juu yake, maana mtu anayeimba anavuta pumzi ndefu. Ulimi alijikuta anasema kwa sauti, peke yake, "Nimemuua. Nimemuua mjukuu wangu kwa drili."

Jambo la kwanza lililomjia, na naomba tusimhukumu haraka, halikuwa kumwambia. Lilikuwa kusafisha. Binti anatoka shule saa tisa na nusu, anafika saa kumi. Ana saa tano mbele yake. Akisafisha vizuri, akafuta kila kitu kwa maji, nani atajua? Ijumaa kipimo kitafika na kukuta matofali tupu. Alijaza ndoo tatu maji ya sabuni. Akalowesha matambara, akafuta dari, akafuta kuta, akafuta chini ya makochi huku ameyainua kwa bega kama kijana. Alishusha pazia akalitia kwenye mfuko. Alifuta sakafu mara nne, kila mara akibadilisha maji, na kila mara maji yalitoka ya kijivu. Alipofika kwenye kapu la nguo za mtoto alisimama. Juu kabisa kulikuwa na kofia ndogo ya njano. Alipitisha kidole juu yake. Kidole kikatoka cheupe.

Hapo akampigia mke wake.

"Nini?" mke alisema, maana simu ya Ulimi mchana si jambo la kawaida. "Mtoto?"

"Hapana. Ndiyo. Rangi ya chini ina risasi."

Alikuwa mke wa fundi rangi kwa miaka thelathini na nane na maneno ya bwana afya aliyasikia yakirudiwa nyumbani zaidi ya mara kumi. "Umemwambia?"

"Yuko shule. Nasafisha."

"Sikukuuliza kama unasafisha."

"Nikimwambia atashtuka. Mwenye hali yake hatakiwi kushtuka. Mimba zile mbili..."

"Usinitajie mimba zile mbili ukajificha nyuma yake," mke alisema. "Atapimwaje damu kama hajui? Mzee, mwambie. Leo. Usipomwambia wewe, nitapanda gari nije nimwambie mimi, na hapo utajuta kunioa."

Alikata simu. Ulimi alibaki amesimama na tambara linalochuruzika. Alifanya mazoezi ya maneno mbele ya meko. "Mama, kuna kitu kidogo." Hapana, si kidogo. "Mama, usishtuke." Ukimwambia mtu asishtuke umeshamshtua. Mtu ambaye maisha yake yote hakuhitaji maneno, leo anayatafuta na hayaonekani. Alienda chooni mara mbili. Saa tisa akaanza kusikia lango likifunguka, na halikuwa limefunguka.

Lilipofunguka kweli, ilikuwa saa tisa na robo. Binti alikuwa amewahi. Aliingia na mkoba wake wa madaftari, akaona sebule inang'aa, sakafu imelowa, pazia limetolewa, meko nyekundu karibu yote. Akaweka mkono kinywani.

"Baba! Jamani, Baba! Yamependeza!" Akaja na mikono yake miwili wazi, tumbo mbele, kumkumbatia.

"Usiniguse!"

Alipiga ukelele ambao hata yeye ulimtisha. Alirudi nyuma mpaka akagonga ngazi, mikono ameinua kama anayetishiwa na mwizi. Ovaroli lake lilikuwa jeupe kuanzia kola hadi magotini. Binti alisimama palepale. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza ukashangaa, kisha ukaumia.

"Nimefanya nini?"

"Si wewe," Ulimi alisema. "Ni mimi. Toka nje. Toka, mama, tuongee nje."

Walikwenda uani. Binti aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, Ulimi akasimama mbali, karibu na kamba ya nguo, na kutoka huko akapasua jipu. Alisema vibaya. Alianzia mwisho, akarudi mwanzo, akataja kiraka kabla ya kutaja risasi. Lakini alisema lote: mahali pamoja badala ya patatu, siku mbili na nusu, fagio, kofia ya njano. Alisema hata zile saa za kusafisha alizotaka zifiche jambo.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, vidole vimepishana, na anauliza maswali kama anayesahihisha mtihani.

"Jana nilifagia dakika ngapi?"

"Sijui. Ishirini."

"Na Jumatatu nilikaa humo nikisahihisha. Tangu saa moja hadi saa tatu."

"Ulikaa."

"Nilikwambia usubiri Ijumaa."

"Uliniambia."

"Nilikwambia, Baba."

Akainuka, akachukua mkoba wake, hakurudi ndani hata kubadilisha viatu. Alikwenda kwa jirani, na jirani akampeleka kwa mama yake. Kesho yake asubuhi alichukuliwa damu kliniki. Wakamwambia majibu yanakwenda maabara kubwa, yatachukua siku nane.

Siku nane! Mtu asikwambie siku zote zina urefu mmoja. Ulimi hakurudi kwake. Aliona hana uso wa kuketi meza moja na binti yake. Alibaki kwenye ile nyumba, akamaliza kilichobaki kwenye meko kwa dawa ya kubandulia, bila kukwangua kavu, amevaa barakoa mbili, rangi ikitoka kama uji, akiikusanya kwenye ndoo na kuifunika. Kisha akafuta. Alifuta chumba hadi chumba, akaanza tena. Mkwe aliporudi kutoka safari akamkuta juu ya ngazi anafuta taa. Mkwe alikuwa mtu mpole. Alisema tu, "Shikamoo, Baba," akaenda kwa mkewe, na upole ule ulimkata Ulimi kuliko matusi. Usiku hakulala. Chakula alikitazama. Kila jioni alimpigia mke wake na kila jioni aliuliza jambo lilelile.

"Anacheza? Mtoto anacheza?"

"Anacheza."

"Anacheza kama kawaida au kidogo?"

"Mzee, mimi simo tumboni humo."

"Ameniulizia?"

"Hajakuulizia."

Siku ya saba mke alisema, "Kesho saa nne. Anasema uje." Ulimi aliuliza amesema kwa sauti gani. Mke akajibu kwamba amesema kwa sauti ya mdomo, na avae shati safi.

Alivaa shati safi. Alifika kliniki saa mbili, akakaa kwenye benchi la korido akihesabu vigae vya sakafuni, na pale palipopakwa rangi vibaya ukutani hakupaona. Binti alikuja na mama yake, akamwamkia, akaketi upande wa pili wa mama. Mumewe alikuwa amekwama kazini. Walipoitwa, mke wa Ulimi alisema yeye atangoja nje. Wakaingia wawili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mbele yake karatasi mbili. Hakuzunguka.

"Risasi ipo kwenye damu yako. Iko juu ya kiwango tunachotaka kwa mjamzito, lakini haijafika pa kutisha. Tutakupa vidonge vya madini ya chokaa na vya kuongeza damu, tutakupima kila baada ya wiki mbili, na mtoto tutampima akizaliwa. Siwezi kukuahidi kitu. Lakini nimeona walio juu zaidi yako wakajifungua salama."

"Ni vumbi langu," Ulimi alisema. "Mimi ndiye niliyekwangua, daktari."

"Ameshanieleza, mzee. Lakini hapana, si vumbi lako." Daktari akaigeuza karatasi ya pili. "Maabara walikuwa bado wamehifadhi damu yake ya mwezi uliopita, ya kliniki ya kawaida. Nikaomba ipimwe nayo. Mwezi uliopita ulikuwa hujagusa hayo meko. Kiasi ni kilekile."

Ulimi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, kitu kilimfunguka kifuani, akashika kiti. Si mimi! Siku nane za kufa na kufufuka, kumbe si mimi! Alitaka kucheka, alitaka kutoka aende koridoni amwambie mke wake, alitaka kulia. Alimgeukia binti yake na uso mzima ukicheka. Binti hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama daktari kwa makini, macho yamekaza, kama mtu aliyeshaona jibu kabla ya ubao kujaa.

"Hii ni ya zamani," daktari aliendelea. "Risasi ikiingia mwilini utotoni hujificha kwenye mifupa. Inaweza kukaa humo miaka thelathini bila kusumbua. Mimba ikija, mifupa inatoa chokaa yake kumjenga mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo. Ndiyo maana nataka kujua historia." Akashika kalamu. "Ulipokuwa mdogo, kuna mtu wa nyumbani aliyefanya kazi ya rangi, au betri, au mabomba? Ulikuwa ukishinda mahali pa kazi kama hizo?"

"Hapana," binti alisema.

Alisema haraka, bila kupepesa. Na Ulimi, ambaye bado alikuwa na kicheko usoni, alimtazama kwa mshangao. Mtoto huyu alikuwa hajui kudanganya. Akiwa darasa la tatu alivunja kikombe nyumba haina mtu, akakaa mlangoni kwa saa mbili akingoja mtu arudi amwambie. Sasa anamtazama daktari machoni na kusema hapana, huku baba yake, fundi rangi wa miaka arobaini, ameketi kando yake. Kwa nini?

Kisha ikamjia, na kicheko kikafia usoni. Likizo. Kila shule ikifungwa, mama yake akiwa sokoni kwenye biashara yake, nani abaki na mtoto? Alikwenda naye kazini. Alimshonea ovaroli dogo. Alimpa skrepa iliyokatwa mpini, akampanga mbele ya madirisha ya zamani, na mtoto akakwangua fremu tangu asubuhi hadi jua linapinda, uso mweupe, kope nyeupe, anajiona fundi. Mafundi walimpenda. Ulimi alijigamba kwao: tazameni mkono huo, hautetemeki. Miaka sita ya likizo, bwana afya bado hajaja na soda zake. Na wale wawili waliotoka kabla hawajafika mwezi wa nne walimjia pia hapo, kwenye kiti kile, akaogopa hata kuuliza.

"Hapana kabisa?" daktari aliuliza, kalamu hewani.

"Sikumbuki mtu," binti alisema. Alikuwa ameanza kutokwa na machozi na hakuyafuta.

"Anadanganya, daktari," Ulimi alisema. "Andika. Baba yake, fundi rangi. Kuanzia miaka saba hadi kumi na tatu, kila likizo. Nilikuwa namchukua mwenyewe."

"Baba, nyamaza."

"Andika, mama yangu. Andika." Alikuwa anamwita daktari mama yangu.

"Basi na mimi uandike," binti alisema. "Yeye alikuwa hataki kunichukua. Nilikuwa nalia mpaka ananichukua."

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaandika yote mawili.